Kinyozi na Ngogo wa Mama Mkwe

Habari ya ngogo iliingia kijiweni kwa njia ya redio. Redio yenyewe ni ile ya Mama Birika, muuza kahawa, imefungwa mpira mweusi kiunoni ili betri zisitoroke, na hukaa juu ya ndoo iliyofunikwa, pembeni mwa jiko lake la mkaa. Na kijiwe, usidhani ni kitu kikubwa. Ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa kibanda cha kinyozi, kwenye mtaa unaoteremka kutoka kiwanda cha barafu kwenda soko la samaki. Ukikaa pale harufu ya samaki unaizoea, harufu ya kahawa unaifuata, na maneno ya watu ndiyo yanayokuchelewesha kurudi nyumbani.

Mchana ule hakukuwa na mteja. Kinyozi mwenyewe, ambaye mtaa mzima humwita Wembe, alikaa katikati ya benchi, taulo begani, kikombe mkononi. Upande mmoja alikuwapo Sekunde, fundi saa, mtu mpole kupita kiasi. Jina alipewa kwa kejeli, maana sentensi yake moja unaweza kuinywea kahawa ukaagiza nyingine naye bado yuko kwenye neno la tatu. Upande wa pili alikaa Hakimu. Huyu hajawahi kuhukumu hata kuku. Alikuwa mfagiaji wa mahakama mpaka akastaafu, lakini ukifagia chini ya meza ya wakubwa maisha yako yote, maneno mengine yanakudondokea kichwani.

Redio ikakohoa, ikasema: "Idara ya uvuvi inawatahadharisha wakazi wa pwani. Samaki aina ya ngogo wameonekana kwa wingi karibu na ufukwe, kwenye vidimbwi vya miambani, kwenye nyasi za bahari na kwenye mlango wa mto. Ngogo hana magamba. Ana sharubu mdomoni, na mwili wake mweusi una mistari myeupe kutoka kichwani hadi mkiani. Ana miiba mitatu yenye sumu, mmoja mgongoni na mmoja kila ubavu. Wadogo wao hutembea kwa kundi, wamesongamana kama mpira. Usiwashike kwa mkono."

Kisha ukapigwa muziki, kana kwamba hakuna lililosemwa.

"Ngogo namjua," akasema Hakimu, akikunja mguu juu ya mguu. "Huyo akikuchoma unamkumbuka mpaka mwalimu aliyekuchapa darasa la kwanza."

"Kuna mchuuzi pale sokoni alichomwa kidole," akasema Mama Birika, "akakimbilia kiwanda cha barafu. Akakipita. Akarudi mbio kuniuliza mimi kiwanda kiko wapi, na mgongo ameuegemeza kwenye geti lake."

"Mimi nilisikia..." akaanza Sekunde.

Wote wakamgeukia.

"...kuna mtu..."

"Endelea, ndugu yangu, bado tuko hai," akasema Hakimu.

"...alichomwa na aliyekufa."

"Aliyekufa nani? Mtu au samaki?"

"Samaki."

"Yaani samaki maiti akamchoma mzima?"

"Sumu..." Sekunde akanywa kidogo, "...haifi naye."

"Basi hilo ni jitu, si samaki," akasema Hakimu. "Lakini kilichonivutia mimi ni huo mpira. Mnajua wanavyotembea wale wadogo? Wanajiviringa chini kwenye mchanga, wote kwa pamoja. Wa mbele wanakula, wa nyuma wanawaruka wanakuwa wa mbele, na wao wanakula. Huwezi kumshika kiongozi, huwezi kumshika wa mwisho. Wanachojua ni kula na kuzunguka."

"Kamati ya soko hiyo," akasema Mama Birika.

"Sijataja mtu mimi."

"Umeitaja, bwana. Na wakikua?"

"Wakikua wanaachana. Kila mmoja anajitafutia pango lake, mchana hatoki, ukimwita haitiki."

"Si nilisema? Ni kamati hiyo."

Wakacheka, benchi likatikisika, kahawa ya Sekunde ikamwagika gotini na yeye akaanza kulishangaa lile goti. Ambaye hakucheka ni Wembe. Kikombe chake kilikuwa kimefika karibu na mdomo kikakwama hapo, kama kimepigwa stopu na askari wa barabarani.

"Hiyo mistari," akauliza taratibu, "wamesema myeupe, au myeupe inayoelekea manjano?"

"Myeupe tu," akasema Mama Birika.

"Na sharubu. Zimesimama mbele, au zimechanwa pembeni?"

Hakimu akamtazama. "Wembe, hata samaki unataka kumjua mtindo wake?"

"Nauliza tu."

"Hakuna anayeuliza tu habari za sharubu za samaki. Sema ulichonacho moyoni."

Wembe akaweka kikombe chini. Akalivuta taulo begani, akalikunja, akalikunjua. "Wako nyumbani kwangu," akasema.

"Nani?"

"Hao. Kwenye sanduku la kioo. Nimempa mama mkwe."

Mama Birika akaipunguza redio sauti.

Sasa ili umwelewe Wembe yakupasa ujue nyumbani kwake kulikuwa na nini. Mama mzaa mke wake alikuja kusalimia, na salamu ikachukua msimu mzima. Si mama mbaya, ni mama mwenye macho. Aliona vumbi mahali ambapo vumbi lenyewe lilidhani limejificha. Wembe akinunua samaki, ni wadogo. Akinunua wakubwa, alikuwa anataka kumfurahisha nani? Akiingia ndani kimya ana kiburi, akiingia anapiga mluzi hana adabu. Mkewe akawa katikati, anamvuta huyu mkono na yule kanga, na usiku akigeukia ukutani anamwambia Wembe, "Vumilia, ni mama yangu." Na Wembe akavumilia, kwa sababu mkewe anampenda.

Kisha siku moja ameshuka miambani nyuma ya gati la zamani, maji yamekupwa, akaona kwenye kidimbwi kitu kama pumzi. Kibonge cheusi kinavimba na kusinyaa, kinaviringika juu ya mchanga, na ukikisogelea ni visamaki vidogo vidogo, kila kimoja kina mistari iliyonyooka kama njia ya kitana kichwani kwa mtu aliyetoka kunyolewa sasa hivi. Na sharubu, jamani. Wembe amekaa na vichwa vya watu maisha yake yote, hajapata kuona wateja waliotengenezwa vizuri namna ile. Akachota kundi zima kwa beseni lake la kunyolea. Akawaweka kwenye sanduku la kioo la duka lililokuwa likiwekwa biskuti, akawa anawaletea maji ya bahari kwa ndoo, akampelekea mama mkwe.

Na mama mkwe, kwa mara ya kwanza tangu ashuke na mizigo yake, alisema: "Hiki ni kitu kizuri."

"Amewapa majina," Wembe akawaeleza wenzake, sauti imekauka. "Majina ya kaka zake wasiompigia simu. Anawasema siku nzima huko ndani, mimi nimepumzika. Na kila akiamka usingizi wa mchana anakunja mkono wa gauni, anaingiza mkono ndani, anafuta kioo kwa kitambaa."

"Mkono mtupu?" akauliza Mama Birika.

"Mtupu."

"Na hajachomwa?"

"Labda wanamwogopa," akasema Hakimu. "Lakini leo sitaki kuzungumzia labda. Nataka kuzungumzia ushahidi." Akajikohoza, akaketi wima. "Wembe, juma lililopita, kwenye benchi hili hili, ulisema nini?"

"Nimesema mengi mimi."

"Ulisema, mbele yangu na mbele ya huyu fundi saa: 'Natafuta kitu cha kumfanya mama aondoke bila mimi kufungua mdomo.' Ulisema, hukusema?"

Wembe akalikunja tena taulo. "Nilikuwa nafanya mzaha."

"Mahakama haina mzaha. Mimi nimefagia pale, nikaokota kila kitu mpaka meno ya bandia, sijaokota mzaha hata siku moja. Mtu anasema anatafuta kitu. Baada ya siku kidogo analeta nyumbani samaki wa sumu. Haleti kuku, haleti redio. Na anampa nani? Huyo huyo."

"Sikujua ni ngogo."

"Kinyozi wa mtaa wa soko la samaki hamjui ngogo?"

"Namjua aliyelala juu ya meza, mkubwa, amekatwa kichwa. Hao ni watoto. Wewe ulimjua diwani alipokuwa mtoto?"

"Hiyo hoja ina uzito," akakubali Hakimu, "lakini mkeo hataipima. Yeye atamwona mama yake analia mkono umevimba, na atauliza swali moja tu."

"Sekunde, na wewe nitetee basi."

"Mimi..." akasema Sekunde, "...nilikuwepo. Ulisema."

"Ahsante sana, ndugu yangu."

Mama Birika alikuwa ameshaacha kupuliza mkaa. "Nyie wanaume mnafungua kesi na mtu bado amelala huko. Wembe, inuka. Nenda kamwambie: mama, wale samaki wana sumu, usiwaguse, nilikosea. Maneno hayo yanajaa kijiko."

"Hayatoki," akasema Wembe. "Wewe humjui. Kitu kimoja tu nimewahi kufanya kikamfurahisha, sasa niende nikamwambie nacho kina sumu? Nimwambie, mama, kaka zako wote humo ndani ni wauaji? Ataona nilimletea kwa makusudi, mke wangu naye aone hivyo hivyo. Hapo sina mke, nina samaki."

"Basi kawamwage kimya kimya."

"Akiamka akikuta kioo kitupu? Kaka zake wamekimbia mara ya pili?"

Gari la barafu likapita linachuruzika. Wembe alikuwa anatazama mikono yake, akigeuza viganja, na hapo ndipo wazo lilipomjia, na lilikuwa wazo ambalo mvuvi asingekuwa nalo, wala daktari, wala mtu yeyote mwenye kazi tofauti na yake.

"Kwani mwiba ni nini?" akasema.

"Mwiba ni mwiba," akasema Hakimu.

"Hapana. Mwiba ni unywele mgumu tu. Umeota mahali ambapo haukutakiwa. Mitatu kwa kila mmoja, redio imesema mgongoni na ubavuni. Nawaleta hapa, nawanyoa, nawarudisha kabla mama hajaamka. Anabaki na samaki wake, mimi nabaki na mke wangu, na hakuna aliyefungua mdomo."

Mama Birika akamtazama kama anavyotazamwa mtu anayetaka kuvuka barabara kinyumenyume. "Unawanyoa ngogo?"

"Nimenyoa watoto wanaopiga mateke, nimenyoa mlevi aliyelala, nimenyoa bwana harusi anayetetemeka kuliko jani. Samaki asiye hata na mikono atanishinda nini?"

"Kisheria hakuna kinachomzuia," akasema Hakimu, ambaye sasa ile kesi ilikuwa imeanza kumnogea.

Basi Wembe akaingia uchochoroni. Nyumba yake iko nyuma ya kibanda, uwanja mmoja. Akanyata mpaka sebuleni. Mama mkwe alikuwa amelala kwenye kochi, kanga usoni, anakoroma kwa heshima. Mkewe hakuwapo, alikwenda kuteka maji. Wembe akalikumbatia sanduku la kioo kama mtu anayeiba mtoto wake mwenyewe, akatoka kinyumenyume, maji yakimrukia kifuani. Ndani yake kile kibonge cheusi kikawa kinaviringika upande huu na upande ule, hakina habari.

Akaliweka juu ya benchi. Wote wakainama.

"Ni wazuri lakini," akasema Mama Birika, na sauti yake ilikuwa imepungua makali.

"Nilikwambia. Tazama ile mistari. Hakuna uliopinda."

"Wajomba wenyewe ndio hawa," akasema Hakimu. "Sekunde, shika kioo kisianguke."

Wembe akatoa mkasi mdogo, ule wa nywele za puani. Akaukung'uta, akaupuliza, ni mazoea. Akachota samaki mmoja kwa kikombe cha sabuni, akamlaza kwenye taulo lenye maji, akalikunja taulo juu yake, akaacha mgongo tu nje. Kisamaki kikatulia. Sharubu zikachezacheza.

"Mnaona," akasema Wembe, na kwa mara ya kwanza mchana ule akatabasamu. "Anajua yuko kwa fundi. Bwana, tupunguze kidogo tu juu, eh?"

"Wembe," akasema Sekunde.

"Subiri, usiniyumbishe mkono."

"Hilo taulo..."

"Nakuja, nakuja. Mwiba nauona huu hapa."

"...lina..."

"Sekunde, kaka, nitakusikiliza nikimaliza."

"...tundu."

Mwiba wa ubavuni ulikuwa umeshapita kwenye tundu la taulo na kuingia chini ya kidole gumba cha Wembe.

Aliutazama mkono wake kana kwamba umemtukana. Kisha yale maumivu yakapanda, yakapita kifundo, yakapita kiwiko, yakafika begani yakapiga hodi, na kinyozi yule mwenye mkono usiotetemeka akaketi chini kwenye vumbi. Mkasi ukaruka, Hakimu akaruka nyuma ya Sekunde, Mama Birika akakichota kile kisamaki kwa kijiko cha kahawa akakitupia ndani ya kioo. Na Wembe akafungua mdomo, likatoka neno ambalo mtu yeyote akiumia linatoka lenyewe.

"Mama," akasema. "Mama wee. Mama."

"Naam, mwanangu," sauti ikajibu kutoka uchochoroni. "Nakuja."

Mama mkwe alikuwa ameamka, amekuta meza tupu, ametoka kutafuta mwizi. Alisimama pale, kanga moja begani, alama ya mto shavuni. Akatazama sanduku la kioo juu ya benchi. Akatazama mkasi. Akamtazama mkwewe chini, ameshika mkono, jasho linamtiririka mpaka kidevuni.

"Nani amewaleta kaka zangu barabarani?" akauliza.

Hakimu, mtu wa maneno, alikuwa anasoma kibao cha bei za kunyoa kama hajawahi kukiona.

"Mama, ni ngogo," akasema Wembe. Meno yalikuwa yanagongana. "Wana miiba ya sumu. Redio imesema. Mimi sikujua nilipokuletea, naapa sikujua. Nikaona utaingiza mkono. Nikasema niwanyoe kwanza."

"Uwanyoe?"

"Miiba. Wasikuchome. Nisamehe, mama."

Yule mama hakuwa wa kubabaika. Aliinama akautazama mkono, akamgeukia Mama Birika. "Mwanangu, maji ya moto unayo?"

"Ninayo."

"Tia kwenye beseni lake. Yawe moto wa kuvumilika, usije ukampika." Akaingiza kiwiko chake mwenyewe kupima, akaongeza baridi kidogo, akauchukua mkono wa Wembe akauzamisha, akakaa naye pale pale chini, miguu ameinyoosha. "Usiutoe. Yakipoa tunaongeza. Ukipata nafuu tunakwenda zahanati, mimi na wewe, wakautazame kama kuna kipande kimebaki."

Sekunde akaleta maji mengine. Hakimu akaamua kupepea kwa gazeti. Maumivu yakaanza kushuka ngazi moja moja, yakisimama kila kituo, na Wembe akahema.

"Yaani ulikuwa unawanyoa," mama mkwe akasema, anautazama uso wa mkwewe karibu karibu, kwa yale macho yake ya kuona vumbi. "Kwa ajili ya mkono wangu."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nilikuwa namwambia mkeo asubuhi hii hii, mumeo hanipendi mimi, anavumilia tu. Nimemwambia nimechoka kuwabana, kesho nafunga mizigo yangu narudi kwangu."

Mkono wa Wembe ukatulia ndani ya maji. "Kesho?" akasema.

"Kesho asubuhi. Nimeshampigia mtu wa kuja kunipokea."

Wembe alitazama mbele. Hakimu aliacha kupepea. Mama Birika alijigeuza upande wa jiko, mabega yanamcheza. Na machozi yakaanza kumtoka kinyozi, machozi mazito, ya mtu mzima, yanateleza kwenye mashavu aliyoyanyoa vizuri asubuhi ile, na haikuwa tena kwa sababu ya mwiba.

"Hapana," akasema mama mkwe, akamfuta kwa ncha ya kanga. "Hapana, baba. Usilie hivyo. Mkono huo huwezi kushika wembe leo wala kesho, na binti yangu ana kazi zake. Nani atakulisha? Siendi. Umesikia? Siendi popote."

Wembe akalia zaidi.

Mama mkwe akawageukia wanaume wa kijiweni, macho yake nayo yamelowa. "Mnamwona?" akasema. "Na kuna watu wanasema wakwe hawapendwi."

Sekunde alifungua mdomo kujibu, lakini Hakimu alimshika mkono akamwinua, wakalibeba sanduku la kioo pande mbili, wakashuka nalo taratibu kuelekea miambani.